Maswali ya Wasomaji: Chembe ya Sumaku Yenye Nyuso Mbili Hushikwaje Isigeuke?

Katika toleo lililopita safu hii ilieleza kwa ufupi kwamba kuna chembe ndogo mno za magnetaiti, oksaidi ya chuma inayovutwa na sumaku, na kwamba zikivishwa polima moja (polima ni mnyororo mrefu wa molekuli ndogo zilizoungana) upande mmoja na polima nyingine upande wa pili, hupata tabia ambayo chembe ya kawaida haina. Barua zilizofuata zimetoka zaidi Iringa, Mbeya na Njombe, na ninawashukuru walioziandika kwa uangalifu. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ukiielewa hiyo, nyingine zote zinakuwa nyepesi.

Ndugu mwandishi wa safu, salaam. Ninafundisha kemia katika shule ya sekondari mjini Iringa. Kupata magnetaiti kwa kuchanganya chumvi mbili za chuma na amonia ninakuelewa. Kinachonishinda kueleza darasani ni namna upande mmoja tu wa chembe ndogo kiasi hicho unavyoweza kupakwa polima bila upande wa pili kuguswa, wakati chembe yenyewe imo ndani ya kimiminika na dawa imeizunguka pande zote. Wanafunzi wameniuliza ni brashi gani hiyo inayotumika. (Mwalimu wa kemia, Iringa)

Mwalimu mwenzangu, wanafunzi wako wamepiga mle mle, kwa sababu kazi nzima ya kutengeneza chembe hizi imelalia hapo. Kuivisha chembe polima ni jambo ambalo njia zake zipo na zimejaribiwa miaka mingi. Ugumu uko katika kuizuia isigeuke wakati unaivisha.

Chukua chembe ya magnetaiti yenye kipenyo cha nanomita 10, ambayo zikipangwa 8,000 kwenye mstari mmoja ndipo zinafikia unene wa unywele wa kichwani. Ndani ya maji yaliyotulia kabisa, chembe hiyo haitulii. Molekuli za maji huipiga kutoka kila upande, na kwa wepesi wake mapigo hayo hutosha kuigeuza. Ukikokotoa kwa joto la kawaida la chumbani utaona kwamba inapoteza mwelekeo iliokuwa nao katika muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mmenyuko wa kuivisha polima, kwa upande wake, huchukua dakika nyingi na mara nyingi saa kadhaa. Kwa hiyo hata kama ingekuwapo brashi ndogo ya kutosha, kabla ya kazi kwisha kila sehemu ya chembe ingekuwa imekwisha kupita mbele yake mara mabilioni. Waambie wanafunzi kwamba kinachohitajika ni kitu cha kuishika chembe nusu mwili, ili nusu iliyobaki nje ndiyo pekee ikutane na dawa.

Waliotangulia kufanya hivyo walikuwa watafiti wa Ufaransa, Casagrande na Veyssié, mwishoni mwa miaka ya 1980. Walichukua shanga za kioo zenye kipenyo cha makumi ya maikromita, wakaifunika nusu ya kila shanga kwa vanishi, wakaitibu nusu iliyobaki wazi kwa silani, kemikali inayojifunga kwenye kioo, yenye mkia mrefu unaofanana na wa mafuta, kisha wakaiondoa vanishi. Ikapatikana shanga ambayo upande wake mmoja unapenda maji na upande wa pili unayakataa. Shanga hizo zilipewa jina la Janus, mungu wa milango wa Warumi wa kale, aliyechongwa akiwa na nyuso mbili, na jina likaenea baada ya Pierre-Gilles de Gennes kuzizungumzia katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 1991. Kwa Kiswahili neno ndumilakuwili huja ulimini haraka, lakini neno hilo tumekwisha kulibebesha lawama, na chembe hii haina hila: kila uso wake unafanya kazi iliyo wazi. Ndiyo maana ninaandika chembe ya nyuso mbili.

Kwa darasa lako ningechagua njia ya nta, iliyoelezwa mwaka 2006 na kundi la Steve Granick nchini Marekani, kwa kuwa kila hatua yake unaweza kuionyesha kwa vitu vya dukani. Nta ya parafini, ileile ya mshumaa, huyeyushwa ndani ya maji ya moto yenye chembe, kisha hukorogwa kwa nguvu hadi ivunjike kuwa matone madogo. Chembe hukimbilia mpakani, pale nta inapokutana na maji, zikakaa hapo nusu ndani ya nta na nusu ndani ya maji. Ung'ang'anizi huo ni mkubwa kuliko mtu anavyodhani, kwani hata chembe ya nanomita 20 iliyokaa nusu kwa nusu huhitaji, ili ing'oke mpakani, nishati inayozidi kwa maelfu ya mara ile ambayo mtikisiko wa joto unaweza kuipa. Hata hivyo, nta ikiwa bado majimaji, chembe haiondoki mpakani lakini inaweza kuendelea kujizungusha papo hapo. Mchanganyiko unapopozwa na nta kuganda, hapo ndipo inaponaswa kama kokoto kwenye tope lililokauka.

Jaribu hivi darasani. Yeyusha mishumaa kwenye sufuria ndogo iliyowekwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto, kisha mimina nta kwenye sahani ya bati kwa kina cha nusu ya njegere. Subiri uso uanze kuwa mweupe na kufanya utando, halafu panga njegere kavu mojamoja, ukizikandamiza kidogo kwa kidole. Kwa baridi ya Iringa ya mwezi wa Juni nta itaganda kabla hujaijaza sahani, kwa hiyo kila sahani iwe na wanafunzi wawili. Ikishaganda kabisa, pakeni wino wa buluu juu ya njegere zote na kuuacha ukauke, kisha wekeni sahani juu ya maji ya moto hadi nta ilegee, mzitoe njegere kwa kijiko na kuzifuta kwa kitambaa. Kila njegere itakuwa na upande wa buluu na upande wa rangi yake ya asili, na mstari unaozitenga rangi hizo utakuwa pale hasa nta ilipofikia. Watazame mstari huo kwa karibu. Njegere iliyozama sana itakuwa na kofia ndogo tu ya buluu, na ile iliyoelea itakuwa na buluu karibu mwili mzima. Kutolingana huko huwahangaisha hata watafiti, nao wamegundua kwamba wakitia kiasi kidogo cha sabuni yenye chaji chanya wanaweza kubadilisha kina ambacho chembe zinazama kwenye nta, na hivyo kuchagua upana wa kila uso.

Kuna jambo jingine ambalo maelezo mengi hulipita haraka, nami ninaliona ndilo lenye akili kuliko yote. Polima yenyewe mara nyingi haikuzwi chembe ikiwa bado ndani ya nta, kwa sababu viyeyushi vingi vinavyohitajika vingeiyeyusha nta na kuiachia chembe katikati ya kazi. Kinachowekwa wakati chembe imeshikwa ni alama tu. Magnetaiti huwa imekwisha kuvishwa gamba la silika, mada ileile ya mchanga na kioo, kwa njia ambayo Stöber na wenzake waliitangaza mwaka 1968, na gamba hilo linaweza kukusanya viini vingi vya magnetaiti ndani ya tufe moja la nanomita mia kadhaa. Chembe ikiwa kwenye nta, uso wake ulio wazi hupewa silani fupi yenye kikundi cha amini, yaani ncha yenye nitrojeni ambayo molekuli nyingine zinaweza kufungwa hapo. Baada ya hapo nta huyeyushwa kwa kloroformu, na chembe huachwa ibingirike inavyotaka, kwa kuwa sasa ina kumbukumbu. Kwenye amini hufungwa molekuli ya kuanzishia yenye bromini, na kutoka hapo minyororo ya polima hukuzwa kiungo kwa kiungo kwa msaada wa chumvi ya shaba, kwa njia ambayo Krzysztof Matyjaszewski na Mitsuo Sawamoto waliieleza, kila mmoja kivyake, mwaka 1995. Ukichagua polima iitwayo poli(N-isopropilakrilamaidi), uso huo utapenda maji kukiwa na ubaridi, na ukipita nyuzi 32 za Selsiasi utajikunja na kuyakataa. Uso wa pili, ambao bado ni silika tupu, unaweza kupewa silani nyingine na kutoka hapo polima nyingine, ingawa kiasi fulani cha silani hiyo ya pili hupenya hadi kwenye uso wa kwanza. Usafi kamili wa mpaka kati ya nyuso mbili bado ni wa kutafutwa.

Ninapaswa kuongeza kwamba chembe za nanomita 10 zikiwa mojamoja nta haizishiki vizuri, kwa kuwa uso wa nta iliyoganda wenyewe una mabonde makubwa kuliko chembe. Kwa udogo huo watafiti hutumia vishikio vingine, kama fuwele bapa na nyembamba za polima ambazo chembe hunata juu yake kwa upande mmoja. Wengine huondoa kabisa haja ya kuishika: hukuza chembe pacha, nusu dhahabu na nusu magnetaiti, kama zilivyotengenezwa mwaka 2005. Hapo tofauti imo mwilini mwa chembe. Polima yenye ncha ya salfa hushika dhahabu, na polima yenye ncha ya katekoli, jamaa ya kemikali iliyomo kwenye gundi ambayo kome hutumia kujishikiza mwambani, hushika oksaidi ya chuma.

Shikamoo mwalimu. Ninasoma mwaka wa tatu wa shahada ya kemia hapa Mbeya. Katika mradi wangu nilitengeneza magnetaiti, na mara ya kwanza ikatoka ya kahawia badala ya nyeusi. Mara ya pili ilitoka nyeusi, nikaitia asidi ya oleiki, kisha nikaongeza polistireni pamoja na polima nyingine inayopenda maji, nikitumaini kwamba kila moja itachukua upande wake. Kipimo cha mtawanyiko wa mwanga kimeonyesha ukubwa mmoja mzuri. Je, ninaweza kuandika kwenye ripoti kwamba nimepata chembe za nyuso mbili? (Mwanafunzi, Mbeya)

Marahaba, mwanangu. Usiandike hivyo bado, na nitakueleza sababu, lakini tuanze na ile rangi ya kahawia.

Magnetaiti inahitaji chuma cha aina mbili, sehemu mbili za chuma chenye chaji tatu kwa sehemu moja ya chuma chenye chaji mbili. Ukipima gramu 5.41 za kloridi ya chuma(III) yenye maji sita ya fuwele na gramu 1.99 za kloridi ya chuma(II) yenye maji manne, utapata, kama hakuna kilichopotea, karibu gramu 2.3 za magnetaiti. Chuma cha pili ndicho chenye matatizo, kwa sababu oksijeni ya hewani hukigeuza kuwa cha kwanza, uwiano ukaharibika, na unga ukatoka wa kahawia. Maji uchemshe kwanza kuondoa hewa iliyoyeyuka ndani yake, uyapoze yakiwa yamefunikwa, na upitishe nitrojeni muda wote wa kazi. Usishangae maji yakichemka kabla ya nyuzi 100: hapa Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu nyuzi 94, na hilo halina madhara kwa kuwa mmenyuko wako unahitaji nyuzi 70 hadi 80 tu. Chumvi ya chuma(II) iliyokaa kwenye kopo lililofunguliwa mwaka jana usiiamini; fuwele zake zinapaswa kuwa na rangi ya kijani hafifu, na zikiwa na kutu ya manjano pembeni, tafuta nyingine. Mambo yakienda sawa, amonia inapogusa ule mchanganyiko wa rangi ya chungwa utaona weusi kama masizi ukitokea papo hapo, na sumaku ya spika ukiiweka chini ya bika itauvuta weusi wote upande mmoja.

Sasa kuhusu nyuso mbili. Polima mbili zikitiwa kwa pamoja kwenye chembe ndogo iliyo huru, kila mnyororo hushika penye nafasi, na matokeo ya kawaida ni uso wenye mabaka au mchanganyiko. Zaidi ya hayo, asidi ya oleiki, ambayo ni asidi ya mafuta yenye mkia mrefu, haijafungwa daima kwenye magnetaiti; hushika, huachia, na hubadilishana nafasi na nyingine, hivyo hata kama pande zingejitenga leo, kesho zinaweza kuchanganyika. Nacho kipimo cha mtawanyiko wa mwanga hukuambia jinsi chembe inavyotembea ndani ya kimiminika, na kutoka hapo ukubwa wake. Chembe yenye uso mmoja na yenye nyuso mbili, zikiwa na ukubwa sawa, kipimo hicho hakiwezi kuzitofautisha.

Wazo lako la kuziacha polima zijitenge zenyewe halikuwa baya, ila mahali pake ni ndani ya tone. Polistireni na poli(methili methakrileti) zikiyeyushwa pamoja kwenye kiyeyushi kimoja, pamoja na magnetaiti iliyovishwa asidi ya oleiki, kisha mchanganyiko huo ukavunjwa kuwa matone ndani ya maji yenye sabuni, kiyeyushi kinapoendelea kuvukiza polima hizo hushindwa kukaa pamoja na hujitenga, na magnetaiti hufuata ile inayoafikiana zaidi na mikia ya asidi ya oleiki iliyoivaa. Angalia lakini kwamba hiyo ni chembe ya aina nyingine. Ile ya nta ina sumaku katikati na nguo mbili tofauti. Hii ina sumaku upande mmoja tu wa mwili. Ya kwanza ukiivuta inakuja vyovyote ilivyoelekea, na ya pili huja ikitanguliza upande wake wenye chuma. Katika barua nyingi ninazopata aina hizi mbili zimechanganywa, na ripoti yako itapata nguvu ukizitenga tangu ukurasa wa kwanza. Ujue pia kwamba kujitenga si lazima kuzae nyuso mbili. Ikiwa mvutano wa uso kati ya polima moja na maji ni mkubwa sana, polima hiyo itajificha ndani na nyingine itaifunika yote, kama kiini na ute wa yai, na chaguo la sabuni yako ndilo litakaloamua.

Ushahidi unaokubalika ni wa kuona. Ukiwa na chembe ya silika iliyotiwa alama ya amini upande mmoja, ioshe kwa maji yenye chembe ndogo za dhahabu zenye chaji hasi, ambazo hunata kwenye amini peke yake, kisha itazamwe kwa darubini ya elektroni. Nusu yenye amini itaonekana ina madoa meusi na nusu nyingine itakuwa safi. Zihesabu chembe mia moja au zaidi, uandike ni ngapi zilizo na madoa nusu, ngapi kote na ngapi hazina kabisa. Picha moja nzuri iliyochaguliwa kati ya hamsini hainiridhishi, na msimamizi wako naye isimridhishe. Kama darubini hiyo iko mbali, tuma sampuli chache zilizokaushwa, na wakati ukisubiri andika kwenye ripoti kile ulichonacho kwa hakika: magnetaiti iliyovishwa polima mbili, ambayo mpangilio wa polima hizo juu ya uso haujathibitishwa. Sentensi hiyo inatosha kwa mradi wa mwaka wa tatu, na ina thamani kuliko dai litakaloanguka kwenye swali la kwanza la mtahini.

Sisi wa Ludewa tuna mlima wa chuma pale Liganga. Je, chuma hicho hakiwezi kusagwa tu hadi kiwe chembe za nano, badala ya kununua chumvi za maabara? Na kile kimondo cha Mbozi, je? (Msomaji, Njombe)

Mawe ya Liganga kwa kweli ni ya jamii ya magnetaiti, na ndiyo maana sumaku huyavuta, lakini yana metali nyingine mbili, titani na vanadi, ndani yake. Kuyasaga hakutoshi kwa sababu mbili. Punje ya milimita moja ikigawanywa kuwa chembe za nanomita 10 hutoa chembe milioni moja mara bilioni moja, na hakuna kinu kinachoweza kuzitoa zote zikiwa na ukubwa unaofanana. Utapata vumbi lenye punje kubwa na ndogo pamoja, zenye kingo zilizovunjika na uso usiotabirika, na polima itashika hapa na kukataa pale. Ya pili ni hiyo titani, ambayo imeingia kwenye fuwele zenyewe na kupunguza nguvu ya usumaku. Ili mawe hayo yafae, yangeyeyushwa kwanza kwa asidi, chuma kikatenganishwa, ndipo kikajengwa upya kutoka kwenye ioni, na hapo ungekuwa umerudi kwenye chumvi zilezile. Kuhusu kimondo cha Mbozi, ambacho barua yako imekigusa mwishoni, hicho ni metali ya chuma na nikeli, wala si oksaidi.

Mimi ni muuguzi hapa Iringa. Mgonjwa mwenye uvimbe ameniuliza kama ni kweli kwamba kuna dawa inayowekwa kwenye chembe za sumaku na kuongozwa kutoka nje hadi penye ugonjwa. Nimjibu nini? (Muuguzi, Iringa)

Dada, mjibu kwamba utafiti upo, lakini aendelee na matibabu aliyopangiwa na asiyaahirishe kwa kuisubiri dawa hiyo.

Chembe za oksaidi ya chuma zenyewe si ngeni hospitalini. Feramoksitoli, ambayo ni oksaidi ya chuma iliyovishwa kabohaidreti, iliidhinishwa Marekani mwaka 2009 kwa wagonjwa wa figo wenye upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa chuma. Hiyo ina vazi moja. Chembe ya nyuso mbili inavutia kwa sababu uso mmoja unaweza kubeba dawa isiyopenda maji, na wa pili ukavishwa polietilini glaikoli inayochelewesha kinga ya mwili kuitambua, bila kazi moja kuingilia nyingine. Kuongozwa kwa sumaku ndiko kugumu. Chembe moja ya nanomita 10 iliyo karibu na sumaku yenye nguvu huvutwa kwa nguvu ndogo mno kiasi kwamba katika umbali wa milimita nzima sumaku huifanyia kazi isiyozidi ile ya mtikisiko wa joto unaoirusha huku na huku, na kadiri uvimbe unavyokuwa ndani zaidi ya mwili ndivyo sumaku ya nje inavyodhoofika, wakati damu inaendelea kuisomba. Watafiti huziunganisha chembe nyingi ziwe tufe moja ili zivutike, na kisha hulazimika kuhakikisha kwamba tufe hilo halizibi mishipa midogo. Chembe za nyuso mbili za aina hii bado ni za maabara.

Mimi ni fundi wa malori kando ya barabara ya Tunduma, hapa Mbeya. Maji tunayooshea injini yana mafuta na yanateremka hadi kwenye mfereji unaopita mashambani. Nimesoma kwamba chembe hizo hushika mafuta na kuvutwa kwa sumaku. Zinapatikana wapi na bei gani? (Fundi, Mbeya)

Ndugu fundi, swali lako limenigusa kuliko yote, kwa kuwa umeona tatizo ambalo wengi huliacha literemke na maji.

Ulichosoma ni kweli. Tone la mafuta ndani ya maji lina mpaka, na chembe ya nyuso mbili hukaa mpakani hapo kwa raha kuliko chembe ya kawaida, uso mmoja ukitazama mafuta na wa pili ukitazama maji. Hesabu za Binks na Fletcher za mwaka 2001 zilionyesha kwamba ung'ang'anizi wake unaweza kufika mara tatu ya ule wa chembe ya uso mmoja yenye ukubwa sawa. Chembe zikishalivaa tone, sumaku ikisogezwa tone zima hufuata, na baadaye mafuta yanaweza kuoshwa kwa kiyeyushi na chembe zikatumika tena.

Tatizo ni wingi. Lita moja ya mafuta ikivunjika kuwa matone ya maikromita 10 huwa na eneo la uso la mita za mraba 600, zaidi ya uwanja mzima wa mpira wa kikapu. Kulifunika eneo lote hilo kwa safu moja ya chembe za nanomita 200 kungehitaji karibu gramu 180 za chembe. Hata tukisema sehemu ya kumi ya eneo hilo inatosha, ni gramu 18, na mwanafunzi wa hapa Mbeya niliyemjibu hapo juu anapata gramu mbili na kidogo za magnetaiti kwa siku nzima ya kazi, kabla ya silika, nta na polima. Nisingependa utoe fedha zako kwa mtu atakayekuahidi unga huo leo, kwani atakachokuuzia huenda kikawa ni oksaidi ya chuma ya rangi.

Kinachokufaa sasa ni shimo la saruji lenye vyumba vitatu, maji yakipita kutoka chumba hadi chumba kwa bomba linaloanzia karibu na chini. Mafuta huelea na kubaki juu, ukayachota na kuyahifadhi kwenye pipa, na tope huzama. Chumba cha kwanza kiwe kikubwa kuliko vingine, kwa sababu ndicho kinachopokea kishindo cha maji, na maji yaliyokorogeka hayaachii mafuta. Sharti moja ulizingatie sana: injini ifutwe kwanza kwa kitambaa au maranda ya mbao, na sabuni itumike mwisho na kwa uchache, tena maji yake yapelekwe kwenye chombo cha peke yake. Mafuta yakishavunjwavunjwa na sabuni kuwa matone madogo yanayoyageuza maji kuwa meupe kama maziwa, shimo haliwezi kuyakamata hata yakikaa humo wiki nzima. Hayo machache, yaliyobaki kwenye ndoo baada ya shimo kufanya kazi yake, ndiyo ambayo ningependa kuona maabara zetu zikiyajaribu kwa chembe za nyuso mbili.